Nani Humchagulia Kijana Chuo Kikuu?

Ndugu msikilizaji, kila mwaka Baraza la Mitihani hutangaza matokeo ya kidato cha sita, na katika nyumba nyingi furaha hudumu siku mbili tu. Siku ya tatu huanza swali: aombe chuo gani? Mjini swali hilo lina watu wa kulijibu. Pana mjomba aliyesoma Mlimani, pana jirani aliye mhadhiri, na duka la intaneti liko mtaa wa pili. Leo naomba tulitazame swali hilo tukiwa tumesimama Mitundu.

Kwa asiyepafahamu, ukishuka garimoshi Itigi, katika Reli ya Kati, ukashika barabara ya kusini iendayo Rungwa hadi Mbeya, utapita Mitundu. Ni nchi ya miombo, ya asali, tumbaku na alizeti, wilayani Manyoni, mkoani Singida. Wazazi wa sehemu kama hizo wana namna yao ya kuuliza, nami nimeipenda kwa sababu ina historia ndani yake. Huuliza hivi: "Siku hizi wanamchagulia, au anachagua mwenyewe?"

Wapo wa mjini wanaolicheka swali hilo. Mimi silicheki. Katika maisha ya mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, jibu lake limekwisha kubadilika mara nne au tano. Tuyafuate mabadiliko hayo moja baada ya jingine.

Kabla ya Uhuru hapakuwa na chuo kikuu Tanganyika. Kijana aliyefaulu alitazama Makerere, kule Uganda, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kufikia mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwalimu Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943. Kijana wa upande wa Itigi ambaye angebahatika kwenda huko angepanda treni hadi Tabora, kisha Mwanza, kisha meli ya ziwani. Nasema angebahatika, kwa sababu sekondari zenyewe zilihesabika kwa vidole. Mchujo ulikwisha kufanyika zamani, mtoto akiwa bado darasa la nne au la nane.

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa uitwao leo Lumumba. Kilianza na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kazi ziligawanywa: sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, udaktari Makerere. Kwa hiyo aliyechagua somo alikuwa amekwisha kuchagua na nchi ya kwenda kuishi. Mtanganyika aliyeng'ara katika fizikia na hisabati, akitaka uhandisi, alifunga mizigo kwenda Kenya. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Kitivo chetu cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973.

Wakati huo nani alichagua? Kwa sehemu kubwa, ilichagua Serikali. Mpango wa Maendeleo wa mwaka 1964 hadi 1969 uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi iwe na wataalamu wake wa kutosha. Taifa lilihesabu linahitaji wahandisi wangapi, walimu wangapi na madaktari wangapi, na nafasi za masomo zikafuata hesabu hiyo. Mwanafunzi hakulipa ada. Naye alipomaliza, alipangiwa kazi na kituo, akaenda.

Kisha likaja Azimio la Musoma. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na ndipo aombe, akiwa na barua za mwajiri wake na za tawi la chama. Kwa lugha nyepesi, cheti kizuri hakikutosha tena. Watu waliokufahamu kazini na mtaani walikuwa na sauti yao. Lengo lilikuwa kuua kiburi cha wasomi, na wako wanaolikumbuka kwa heshima hadi leo. Lakini wengi walipokwisha kupata kazi na familia hawakurudi tena darasani, na wasichana ndio waliopungua zaidi. Sharti hilo lilianza kulegezwa, kwanza kwa wasichana, na baadaye likaachwa.

Ikaja miaka ya themanini na tisini. Sokoine, kule Morogoro, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Mwaka 1995 sheria ilifungua mlango kwa vyuo vikuu vya watu binafsi na mashirika ya dini. Katika miaka hiyo hiyo likaingia neno ambalo wazazi hawakulizoea: kuchangia gharama. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, ikaanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2007 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, jirani kabisa na Manyoni kwa reli na kwa lami. Kutoka chuo kikuu kimoja tulifikia makumi. Swali la "aombe chuo gani", ambalo baba zetu hawakuwa nalo, likazaliwa.

Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilileta udahili wa pamoja. Kijana aliandika orodha ya kozi alizozipenda, ya kwanza hadi ya mwisho, na kompyuta ikampanga kwa alama zake. Faida ilikuwepo: ombi moja, malipo mamoja, na mtu mmoja hakuweza kukamata nafasi mbili. Hasara nayo ilikuwepo: wako waliojikuta wamepelekwa kozi na mikoa wasiyoitarajia. Mwaka 2017 utaratibu huo ukaondolewa. Tangu hapo mwombaji anapeleka maombi mwenyewe katika kila chuo anachokitaka, na akichaguliwa na vyuo viwili au vitatu, anathibitisha kimoja.

Wenzetu wa Kenya hawakufuata njia hiyo. Wao wana chombo cha pamoja, KUCCPS, kilichotokana na sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012, kinachowapangia wanafunzi wanaogharimiwa na Serikali. Sisemi nani kapatia. Nasema tu kwamba jibu la mzee wa Mitundu, kwa sasa, ni hili: anachagua mwenyewe.

Hapa, ndugu msikilizaji, ndipo penye jambo langu la leo. Tumempa kijana haki ya kuchagua, lakini haki hiyo haimfai mtu asiyejua kuisoma karatasi yake ya matokeo. Na karatasi hiyo ina mtego.

Mtego wenyewe ni huu. Katika kupanga madaraja, Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, E pointi 5. Pointi zikiwa chache ndiyo sifa. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, la tatu 13 hadi 17. Vyuo vikuu huhesabu kinyume: A pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Huko pointi zikiwa nyingi ndiyo sifa. Na kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni masomo mawili ya mchepuo yenye jumla isiyopungua pointi 4.

Tuchukue vijana wawili wa kuwazia, waliosoma dawati moja. Wa kwanza ana D, D na E. Kwa Baraza ana pointi 13, daraja la tatu. Masomo yake mawili bora yanampa pointi 4, kwa hiyo amegusa kizingiti cha chuo kikuu. Wa pili ana D, E na E. Kwa Baraza ana pointi 14, na yeye pia ni daraja la tatu. Masomo yake mawili bora yanampa pointi 3, na mlango umefungwa. Kijijini wote wawili wanapongezwa kwa daraja moja. Mmoja akilipia maombi katika vyuo vitatu, fedha ya alizeti imepotea.

Isitoshe, herufi zenyewe hazikutulia. Kwa waliomaliza kabla ya mwaka 2014, C ni pointi 3. Kwa waliomaliza mwaka 2014 na 2015, ilipowekwa ngazi mpya yenye B+, C ni pointi 2. Kwa waliomaliza mwaka 2016 na kuendelea, C ni pointi 3 tena. Kaka akimwambia mdogo wake, "Mimi niliingia kwa alama hizi hizi," huenda wanazungumzia herufi moja yenye thamani mbili tofauti.

Basi kijana achague vipi? Mimi si afisa udahili, lakini mambo matatu yamo wazi.

La kwanza, aanze na kozi, jina la chuo lifuate. Kila kozi hutaja masomo yake. Aliyesoma historia, jiografia na lugha, hata akiwa na A tatu, haingii udaktari. Na aliyesoma fizikia, kemia na baiolojia asitazame daraja peke yake. Atazame alama ya kila somo.

La pili, kiwango cha chini si ahadi ya nafasi. Kuwa na pointi 4 ni ruhusa ya kupanga foleni. Kozi zenye watu wengi huanza kuchukua kutoka juu, na mwenye alama za kugusa kizingiti hubaki mlangoni. Kwa hiyo maombi yake yagawanywe: moja pale anapotamani, moja au mawili pale alama zake zinapolingana na za wanaochukuliwa, na moja pale ambapo alama zake zinazidi kinachotakiwa. Anayeomba kozi tatu zote za kutamani ameomba mara moja tu.

La tatu, mwenye pointi pungufu hajafikia mwisho wa njia. Stashahada ikimalizwa kwa wastani wa 3.0 humfungulia mtu mlango wa shahada. Chuo Kikuu Huria nacho kina kozi ya msingi kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Kuchelewa miaka miwili kwa njia hiyo ni afadhali kuliko kukaa nyumbani miaka mitano akingojea muujiza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa udahili, naomba wahenga waniwie radhi: jembe hili lichaguliwe sana, kwani si rahisi kulirudisha dukani. Anayeingia kozi isiyo yake kwa mkopo wa Serikali, akaiacha mwaka wa pili, deni linabaki naye.

Tukumbuke pia jinsi kazi hii inavyofanyika. Mwongozo wa udahili umeandikwa kwa Kiingereza na uko kwenye mtandao. Maombi ni ya mtandao, na ada hulipwa kwa kila chuo. Mkopo una fomu yake, inayotaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA na sahihi ya kiongozi wa mtaa au kijiji. Haya yote yana siku ya mwisho. Kijana wa Ilala akikosea Jumatatu, Jumanne anasahihisha. Kijana wa Mitundu akikosa karatasi moja, huenda safari ya Itigi au Manyoni ikamla nauli na siku nzima.

Katika historia yote niliyoipitia, aliyechagua alikuwa na taarifa. Serikali ilikuwa na hesabu yake ya wataalamu. Tawi la chama lilimfahamu mtu. Kompyuta ilikuwa na alama za nchi nzima na nafasi za kila kozi. Sasa tumemkabidhi uchaguzi mtoto wa miaka kumi na tisa au ishirini, na katika sehemu nyingi tumemkabidhi mikono mitupu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wakuu wa shule na halmashauri: kabla kidato cha sita hawajatawanyika, itengwe siku moja ya kuwafundisha kuzigeuza alama kuwa pointi za chuo kikuu. Ni hesabu ya nusu saa. Inahitaji ubao, chaki na mwongozo wa mwaka huo.

Na kwako wewe unayelisoma gazeti hili ndani ya daladala: una mpwa, una mtoto wa binamu, una mdogo wa rafiki yako huko nyumbani. Matokeo yakitoka, usingoje akupigie kuomba nauli ya kwenda chuo. Mpigie wewe kwanza, muulize alama za kila somo, si daraja. Ukae naye kwenye simu mkiisoma kozi moja moja, umfasirie Kiingereza kinapomkaba. Itakugharimu vocha ya siku moja, lakini yeye ataingia katika miaka mitatu au minne ya maisha yake akijua alichokichagua.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo.