Kutoka Koma hadi Kengeleni

Daftari ni la kurasa 48, jalada la kijani, jedwali la kuzidisha nyuma. Kila Jumapili baada ya misa naliweka juu ya cherehani yangu hapa Mukuru kwa Reuben, na watu wa jumuiya yetu wanapita mmoja mmoja na mia mbili zao. Tuko 18. Mia mbili mara 18 ni 3,600 kwa wiki. Nauli ya treni ya Madaraka Express hadi Mombasa, daraja la chini, ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, kwa hiyo sote tunahitaji 54,000. Ni wiki 15. Tulianza Jumapili iliyofuata Pasaka, na Mungu akipenda, shule zikifungwa Agosti tutakuwa tumetimiza. Chakula na matatu kila mtu atajitegemea.

Wazo hili lilizaliwa Ijumaa Kuu juu ya kilima cha Koma. Mwaka huu tuliamua kwenda kule kufanya Njia ya Msalaba kwa miguu kutoka mtaani, si kwa matatu. Tuliondoka Alhamisi Kuu saa tatu usiku, tukashika Outering, tukaingia barabara ya Kangundo. Umoja, Kayole, Njiru, Ruai, Kamulu, Joska. Taa za barabarani zilipoisha tuliwasha tochi za simu, mbili mbele, moja nyuma, na rozari ikapokezanwa kutoka kinywa hadi kinywa ili asiwepo wa kulala huku akitembea. Baada ya Ruai hakuna aliyekuwa akiongea tena isipokuwa kwa sala. Tulifika chini ya kilima jua likichomoza. Vituo vyote 14 tulivipanda na miguu iliyovimba.

Kule juu Nyanya alikaa kwenye jiwe akavua raba. Huyu tunamwita Nyanya sote, hata wenye umri wa kumkaribia. Ni Mkamba, anauza ndengu na maharagwe karibu na reli. Akatazama upande wa mashariki, kule nchi inakoteremka, akasema: "Baba wa babu yangu alikuwa mtu wa pembe. Alitoka huku kwa miguu mpaka maji ya chumvi. Sisi tumefika hapa tu, tunatafuta karai la kuchovya miguu." Kijana mmoja akajibu, "Basi Nyanya, twende tukaichovye hukohuko." Watu wakacheka, lakini Jumapili ile watatu walinijia na pesa mkononi.

Mimi ni fundi wa nguo, na nilisoma mpaka kidato cha nne tu. Lakini historia nimeipenda tangu shule, na neno la Nyanya halikuniacha nilale. Nilitaka siku moja ya Mombasa isiwe ya kupiga picha na ngamia halafu turudi. Nilitaka tujue tunapita njia ya nani.

Mtu wa pembe lilikuwa jina la kazi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba ndio waliokuwa wakuu wa biashara ya masafa kati ya bara na Mombasa. Walishuka na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Walipita nyika ya Taru na Tsavo wakijua kila shimo la maji, na baadhi yao wakaweka makazi karibu na Rabai, nyuma tu ya pwani. Mashuhuri kuliko wote ni Kivoi wa Kitui. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alimfikia mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona mlima wenye theluji kwa mbali. Jina alilolisikia kwa Wakamba akaliandika, na ndilo leo jina la nchi yetu.

Mwaka 1851 Krapf alirudi kwa Kivoi, wakaenda pamoja kuelekea mto Tana. Njiani wakavamiwa. Kivoi akauawa, wafuasi wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Alipoufikia mto alikunywa, kisha akakosa chombo cha kubebea maji. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, akajaza na mtutu wa bunduki, akauziba, akashika njia. Nilipowasimulia hilo kwenye jumuiya, mama mmoja aliyekuwa amebeba dumu la lita tano kutoka Mukuru hadi Koma alitikisa kichwa tu. Sote tulikumbuka jinsi dumu lile lilivyozungushwa pale Kamulu, kila mtu akipiga funda moja na kupitisha.

Hapo mwenyekiti wetu akaleta hoja ambayo nilijua itakuja. "Katibu, hao unaotusomea ni Waanglikana. Sisi ni Wakatoliki, tuna mashahidi wetu." Hoja yake ina uzito. Ndani ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mfalme wa Mombasa aliyekuwa amebatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia aliwageuka Wareno mnamo Agosti 1631. Alimuua kapteni wa ngome, na baada ya hapo Wakristo waliokataa kuikana imani wakauawa, Wareno pamoja na Waafrika. Mwenyekiti anataka tuwaombee palepale, nami nimeandika. Lakini nilimjibu kwamba njia ile ya pwani haikuuliza mtu dhehebu lake. Nikamweleza habari za Matthew Wellington.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu habari hii ndiyo iliyonifanya nipange safari yote upya.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe, Myao wa kusini. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa pwani. Baharini meli ya Waingereza ikakamata jahazi lililombeba, na yeye na wenzake wakachukuliwa hadi Nasik, India, katika shule ya wamisionari iliyokuwa ikilea watoto waliookolewa. Kule ndiko alikopewa jina jipya. Mwaka 1872 alikuwa kati ya vijana wa Nasik waliotumwa barani kumfuata David Livingstone. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wangeweza kumzika pale na kwenda zao, kwa maana hakukuwa na mzungu wa kuwaamuru. Badala yake walikaa kikao, wakaamua kumpeleka baharini.

Moyo wake waliuzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa muda wa wiki mbili, wakakunja miguu magotini ili mzigo uwe mfupi, wakauviringisha kwa kitambaa cha pamba na gome la mti, wakaushonea ndani ya turubai na kuupaka lami. Mimi nashona kila siku, najua turubai lilivyo gumu kwenye sindano. Nimejiuliza mara nyingi ni nani aliyeshika sindano ile na alikuwa akiwaza nini. Walipokaribia nchi ambako watu hawakukubali maiti ipite, walijifanya wameirudisha nyuma, kumbe wameifunga upya ifanane na robota la nguo za biashara. Walitembea miezi tisa, baadhi yao wakifia njiani. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, na mwili ukapumzishwa katika kanisa la misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 kuwapokea watumwa waliokombolewa. Hapo mwenyekiti akanyamaza. Mwili wa Mprotestanti, uliobebwa na vijana wa Waanglikana pamoja na wenzao Waislamu, ulilala kwenye kanisa letu.

Kilichofuata kinaniuma. Mwili ukaenda London, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Wale wapagazi walilipwa, wakaambiwa kwaherini. Ni mmoja tu kati yao, Jacob Wainwright, aliyekuwako siku ya mazishi. Hata Chuma na Susi, walioongoza msafara, walifika Uingereza mazishi yameshapita. Matthew Wellington alirudi kwenye maisha ya kazi, na alizeekea Mombasa, akafa huko mwaka 1935. Kuna watu walio hai leo ambao wazazi wao wangeweza kupishana naye barabarani.

Nyumbani kwa watu kama yeye palikuwa Freretown. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar, baada ya shinikizo la Waingereza walioongozwa na Bartle Frere. Mwaka 1875 makazi yakafunguliwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yakapewa jina la Frere. Meli za kivita zilipokamata majahazi, watu waliteremshwa pale: Wayao, Wanyasa, Wamakua, kila mtu na lugha yake, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Walipewa viwanja, wakajenga kanisa. Wakasimamisha pia mnara wenye kengele. Kengele ile ilipigwa kuwaonya watu pindi wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana wakikaribia. Mtu aliyekwishakamatwa mara moja katika maisha yake alikuwa analala huku sikio liko wazi kwa sauti moja.

Mnara bado upo, barabarani, jirani na soko la Kongowea, na mahali pale panaitwa Kengeleni. Makondakta wa matatu wanaliita jina hilo mchana kutwa, "Kengeleni! Kengeleni!" Ninawapenda kwa hilo bila wao kujua.

Nimewaambia wazazi kwamba watoto waelezwe yote, na machungu yakiwemo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilibainika kwamba watu waliookolewa walikuwa wakichapwa viboko palepale Freretown na waliokuwa wakiwasimamia, hata uchunguzi ukafanywa. Kule Rabai, ambako Krapf na mwenzake Johannes Rebmann waliweka kituo mwaka 1846, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia kwa wingi, na mabwana wao wakatishia kuja kuwachukua kwa nguvu. Jambo hilo lilitulizwa kwa fedha. Siku ya kwanza ya mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni jirani walitangazwa kuwa huru, baada ya mabwana kulipwa fidia. Waliotembea na kujificha porini hawakulipwa kitu, wakapewa hati tu. Nadhani wengi wao waliishika hati ile kama sisi wa Mukuru tungeshika hati ya kiwanja.

Miaka kumi baadaye misafara ya miguu ikafa. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na mwaka uleule Mapadre wa Roho Mtakatifu wakapanda nayo na kuanzisha misheni ya St. Austin's. Kwa hiyo hata misa ninayohudhuria Jumapili kabla ya kufungua daftari ilikuja kutoka pwani, kwa njia waliyoifungua watu wa pembe. Reli ile ya zamani inapita kando ya mtaa wetu. Nyanya huanika ndengu zake mita chache kutoka hapo, na treni ya mizigo ikipita huziwekea mkono zisipeperushwe na upepo.

Sasa mpango wenyewe, jinsi ulivyo baada ya kufutwa mara nne. Tutapanda treni ya saa nne usiku kutoka Syokimau. Tutateremka Miritini kabla ya alfajiri na kungoja hapohapo stesheni mpaka kupambazuke. Kutoka Miritini tutaelekea Mazeras, halafu Rabai, kwa sababu Nyanya amesema hawezi kukaribia mji kabla hajapita mahali watu wake walipokuwa wakitua mizigo. Kifungua kinywa ni mahamri na mbaazi, popote tutakapozikuta. Kisha tunaingia mjini, tunavuka daraja la Nyali, tunashuka Kengeleni. Tukitoka hapo tunakwenda Nyali kwenye kaburi la Rosina, mke wa Krapf, aliyefariki Julai 1844, miezi michache tu tangu wafike, na mtoto wao mchanga akamfuata. Vijana walilalamika kwamba makaburi yamezidi. Nimewapa alasiri nzima ya bahari. Jioni tutasimama nje ya kuta za Fort Jesus, tuwaombee waliouawa mwaka 1631, mwenyekiti akiongoza, halafu turudi Miritini kupanda treni ya usiku.

Jumapili iliyopita Nyanya alileta mia mbili yake katika noti za hamsini hamsini, zimekunjwa ndani ya leso. Nilipomaliza kuandika akaniuliza jambo moja, nami nimelitia kwa penseli pembeni mwa ukurasa ili nimtafutie jibu: kutoka pale kengele ilipo mpaka kwenye maji ni mwendo gani, na je, njia ni ya lami au ya mchanga, kwa sababu anataka kuitembea bila viatu.