Una friji ya miaka ya 1950? Anza na kitasa cha mlango

Friji za Marekani za miaka ya 1950, zile nzito zenye kona za mviringo, bado zinatafutwa, na nyingine zinagandisha mpaka leo. Lakini kabla hujaiwasha, angalia mlango.

Nyingi zilifungwa kwa kitasa cha chuma ambacho ukiwa ndani huwezi kukifungua. Watoto waliojificha humo wakicheza walikosa hewa wakafa. Mwaka 1956 Marekani ikapitisha sheria, na kuanzia Oktoba 30, 1958 kila friji mpya ya nyumbani ilitakiwa ifunguke kutoka ndani.

Ukiwa nayo, fanya hivi:

Kitasa: Kitoe, mlango ushikwe na sumaku. Kama friji haitumiki, ng'oa mlango kabisa.

Umeme: Ni za volti 110 hadi 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 bila transfoma, inaungua. Waya uliopasuka ganda, fundi aubadilishe.

Mpira wa mlango: Bana noti, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka.

Barafu: Haijiyeyushi yenyewe. Zima, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto. Usichokonoe kwa kisu. Ukitoboa bomba, gesi yote inatoka.

Na gesi yenyewe ni shida. Nyingi zilitumia R-12, inayoharibu tabaka la ozoni, na nchi zilizoendelea ziliacha kuizalisha kufikia 1996. Ikivuja, kuirudisha si kazi ndogo.