Kiasi cha Bunduki

Msafara wa karne ya 19 haukuingia mjini kimya. Ulipokaribia mwisho wa safari, wapagazi walivaa nguo zao nzuri, bendera ikafunguliwa, na kila mwenye bunduki akaishindilia baruti na kufyatua hewani. Henry Morton Stanley alipoingia Ujiji Novemba 1871 akimtafuta Livingstone, bunduki karibu 50 za watu wake zililia pamoja, na mji ukatoka nje kutazama. Hakuna aliyekimbia. Watu waliuelewa mlio ule: wageni wamefika salama, na wana mali kiasi cha kuchoma baruti kwa furaha tu.

Ukifuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji kwenda kusini unapita nchi ya Watongwe, kisha ya Wabende, na kufika pande za Ikola, Kapalamsenga na Karema, ambazo leo zimo katika wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Tukizungumzia bunduki katika mkoa huu, kwa kawaida tunazungumzia vita, ujangili au watalii wa kuwinda. Tunasahau kwamba kulikuwa na wakati ambapo mtu wa kawaida alifyatua kwa raha, kama leo anavyofungulia spika kubwa harusini. Raha ile ilipotea bei ya kufyatua ilipopanda. Na bei yenyewe ilipandishwa na watu.

Tuanze na gharama za mwanzo. Baruti ilifika Unguja kwa meli, na kati ya walioileta tangu miaka ya 1830 ni wafanyabiashara wa Marekani kutoka mji wa Salem, walewale walioleta kitambaa kilichobaki na jina lao, merikani. Kutoka pwani ilipanda bara mabegani. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, kwa miezi mitatu au zaidi. Njiani watemi walidai hongo, na sehemu ya hongo hiyo mara nyingi ilikuwa baruti yenyewe. Ni mzigo usiopenda mvua wala cheche za moto wa kambi. Kila kituo kiliongeza gharama, kwa hiyo kipipa kilichofika ziwani hakikuwa na bei ya kipipa kilichoachwa Bagamoyo.

Aliyenunua huku bara aligawa baruti yake katika mafungu mawili, hata kama hakuyapa majina. Fungu la kwanza lilikuwa mtaji. Wayege, chama cha wawindaji wa tembo cha Wanyamwezi, walikuwa wamezoea mkuki na mshale wa sumu kabla ya gobore, na walipoanza kutumia gobore kila shindilio lilipimwa dhidi ya pembe ambayo lingeweza kuleta. Fungu la pili lilikuwa la sherehe: kupokea msafara, kuoza, kuzika mkubwa. Wasafiri wa Ulaya waliliona fungu hili kuwa upotevu na wakalalamika. Kwa mwenye bunduki haukuwa upotevu. Heshima nayo inanunuliwa, na mlio ulikuwa namna mojawapo ya kuilipia.

Kamusi za zamani za Kiswahili zinalipa neno “kiasi” maana ambayo wengi wetu tumeisahau. Kiasi cha bunduki ni shehena ya kufyatulia mara moja. Neno la kipimo likawa neno la risasi, na nadhani halikufika hapo kwa bahati. Mwenye gobore hakununua “risasi” kwa idadi kama tunavyofikiri leo. Alinunua baruti, kisha yeye mwenyewe akaamua itatoa viasi vingapi. Bei ikipanda, mkono unapunguza. Lakini kiasi kikipungua mno, risasi inamfikia mnyama bila nguvu ya kumwangusha. Anakimbia na jeraha, na mwindaji amepoteza nyama na baruti pia. Ndiyo maana mwenye baruti chache hana njia ila kusogea karibu zaidi na mnyama, na kulipa kwa hatari kile alichoshindwa kulipa kwa fedha.

Sasa mtazame mfyatuaji wa aina nyingine katika msitu huohuo. Januari 1872, Stanley na Livingstone walishuka kutoka mtumbwini katika nchi ya Watongwe, kaskazini mwa Kapalamsenga, wakaanza kutembea kuelekea Tabora. Njia yao ilikatiza katika misitu ya Katavi ya leo. Huko Mpokwa, Stanley aliwapiga twiga risasi na twiga wakaenda zao. Livingstone akamweleza tatizo: risasi zake ni laini mno, zinabonyea kwenye ngozi. Akamshauri Stanley ayeyushe vyombo vyake mwenyewe vya zinki ili kuzitia ugumu. Stanley akarudi porini na risasi mpya, na twiga akaanguka. Safari hiyo ililipiwa na gazeti la New York. Kilichomzuia Stanley kilikuwa ufundi tu, na alikuwa na vyombo vya kuyeyusha. Jirani yake wa Kibende au Kikonongo alizuiwa na hesabu.

Vita viliifanya hesabu hiyo kuwa ngumu zaidi. Kuanzia 1871 Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, na njia kuu ya kwenda Ujiji ikafungwa. Ndiyo sababu Stanley alizunguka kusini hadi huku. Juni 1880, Carter na Cadenhead, Waingereza wawili waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliuawa Mpimbwe katika mapigano yaliyomhusisha Mirambo. Walikuwa wametoka Karema, ambako Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo mwaka uliotangulia. Katika miaka kama hiyo, baruti inayofika ziwani kwanza inanunuliwa na wakubwa wa vita. Ya sherehe inasubiri.

Bunduki zenyewe, wakati huohuo, zilikuwa zinashuka thamani. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameachana na bunduki za kushindilia kwa mdomo na kuchukua zile za kupakia kwa nyuma, na mabaki yakatafutiwa soko. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi mdogo wa Uingereza Unguja, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinafika huko kila mwaka. Bunduki hununuliwa mara moja, ikarithiwa hata na mjukuu. Baruti hununuliwa maisha yote. Wingi wa bunduki ulimaanisha vinywa vipya vinavyosubiri kulishwa baruti. Atakayeshika baruti atakuwa amezishika na bunduki zote.

Wakubwa wa Ulaya walilielewa jambo hili vizuri. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliotungwa kwa jina la kukomesha biashara ya utumwa, ulichora eneo la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, na ndani yake ukazuia kuuza bunduki za kisasa na risasi zake. Kilichoruhusiwa kwa masharti ni gobore na baruti ya kawaida, na shehena ziwekwe katika maghala yanayosimamiwa na serikali. Msafiri mwenye dhamana angeweza kupewa kibali cha silaha ya kisasa. Utumwa ulikuwa uovu wa kweli na bunduki ziliutumikia; hilo halibishaniwi. Lakini mkataba uliacha pia matokeo ya pili, yaliyodumu kuliko biashara ya utumwa: masoko mawili ya risasi katika nchi moja. Mgeni alikuwa na risasi ya kiwandani, yenye baruti isiyotoa moshi. Mwenyeji alibaki na pembe ya baruti nyeusi na foleni ya ghala.

Wajerumani walijenga juu ya msingi huo. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni. Kuanzia hapo kiasi cha bunduki kilikuwa na gharama ambayo haipimwi kwa mizani: karatasi. Baada ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 serikali ilikuwa na sababu nyingine ya kuogopa baruti mikononi mwa raia. Waingereza waliendelea na sheria yao ya wanyamapori ya 1921. Gobore halikufutwa, lilivumiliwa. Uwindaji wa kujifurahisha ukawa na jina, mavazi, leseni na vitabu vyake, na mwenyewe alikuwa mgeni.

Hapa historia ya Mpanda inaleta jambo ambalo kwa Kiswahili linasikika kama mzaha. Lugha yetu inatumia neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka mtutuni na kwa madini yanayokitengeneza. Mpanda ulikua kwa ajili ya madini hayo. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi huko, na mwaka 1950 tawi la reli kutoka Kaliua likafunguliwa ili kuyatoa. Mgodi ulifungwa 1960. Kwa miaka kumi, mabehewa ya risasi yaliondoka Katavi kwenda pwani na ng'ambo. Risasi zilizorudi zikiwa tayari kwa kufyatuliwa zilirudi kama bidhaa ya dukani, kwa bei ya dukani, kwa mwenye leseni.

Uhuru ulibadilisha wenye mamlaka, lakini mpaka ule wa bei ulibaki. Serikali ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, Katavi ikawa hifadhi ya taifa 1974, na uwindaji ukafunguliwa tena 1978. Operesheni Uhai ya 1989 ililenga ujangili ulioangamiza tembo, na tembo walihitaji kulindwa. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 ikakaza umiliki. Mtalii anayekuja kwa leseni ya siku 21, muda unaotakiwa kwa baadhi ya wanyama wakubwa, analipia ndege, kambi, ada na nyara. Katika hesabu hiyo bei ya risasi moja haionekani. Ikiongezeka maradufu hatabadili chochote. Mwenye gobore, ambaye kwake kila kiasi kina bei, alishabadili kila kitu: badala ya risasi ya dukani, kipande cha nondo au gololi, badala ya baruti ya dukani, ya kienyeji, ambayo sheria haiiruhusu na ambayo wakati mwingine hupasua mtutu usoni mwa mwenyewe.

Linganisha na Marekani, ambako kufyatua kwa raha ni burudani ya mamilioni. Baada ya mauaji ya shuleni Newtown mwezi Desemba 2012, watu waliogopa sheria mpya, na mwaka 2013 risasi ndogo za .22, ambazo ndizo rahisi kuliko zote, zikatoweka madukani. Wenye maduka wakaweka kikomo cha pakiti kwa kila mteja. Mwaka 2020, wakati wa korona, hali ikajirudia. Bei ilipopanda, wengi walinunua zaidi kwa hofu kwamba kesho itapanda tena. Hiyo ni tabia ya mtu mwenye akiba, kabati kavu na haki ya kuweka. Mtu wa kijijini kando ya Ziwa Tanganyika hakuwa nayo hata moja kati ya hizo tatu. Bei ilipopanda, alipunguza.

Na anayepunguza ana mpangilio. Kwanza huacha kufyatua kwa furaha. Kisha huacha mazoezi, kisha kufyatua kwa kukisia. Risasi ya mwisho kuachwa ni ya chakula au ya pembe. Kwa hiyo miaka zaidi ya mia ya kuifanya baruti kuwa ghali haikuanza kwa kumzuia mwenye njaa wala mwenye tamaa. Ilianza kwa kuzima salamu za misafara na shangwe za harusi, na gobore lililobaki likabaki na kazi moja tu, ile ambayo tumeipa jina la ujangili. Anayefikiri leo kwamba risasi ikizidi kuwa ghali wanyama watakuwa salama, aanze kwa kumtazama askari wa wanyamapori anayekagua gobore lililokamatwa. Analigeuza mdomo chini, analigonga kidogo, na kinachoanguka mkononi mwake ni kipande cha chuma cha ujenzi.