Kaya na Karatasi: Ulinzi wa Mahali pa Ibada katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Mgeni anayefika Kaya Kinondo, kusini ya Diani katika Kaunti ya Kwale, hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuruhusiwa kukanyaga njia ya msituni. Anayemwongoza husimama kwenye kiingilio na kuomba ruhusa kwa waliolala humo, ndipo safari huanza. Ndani hakikatwi kitu. Hata tawi lililoanguka lenyewe haliokotwi kwa kuni. Msitu huu ni wa hekta 30 hivi, na nje ya mpaka wake ndiko iliko ardhi ambayo watalii na wawekezaji wameigombania kwa miongo kadhaa.

Makala haya yanadai kwamba kaya za pwani zimepotea, au ziko hatarini kupotea, kwa sababu sheria ilikilinda kitu ikamsahau mwenye kitu. Miti na magofu vilitangazwa kuwa urithi, lakini mamlaka ya wazee juu ya ardhi ile hayakuandikwa popote.

Kaya zilikuwa vijiji vya Wamijikenda vilivyozungukwa na msitu na maboma. Katikati palikuwa na moro, uwanja wa shauri ambapo ngambi, yaani baraza la wazee, ilikaa. Palizikwa fingo, kinga ya jamii nzima, na palizikwa wafu. Watu walipohama kidogo kidogo kwenda kulima nje, kuanzia karne ya 19, makaburi na fingo havikuhama. Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Msikiti unaweza kujengwa upya mtaa wa pili, na kanisa vivyo hivyo, lakini kaya haihamishiki. Fidia ya kiwanja mbadala, ambayo kwa mpimaji wa ardhi ni suluhisho la busara, kwa mzee wa kaya ni maneno yasiyo na maana.

Tazama yaliyopata kisiwa cha Chale, jirani wa Kinondo. Mwaka 1992, baada ya kazi kubwa ya wanabotania waliozunguka pwani wakiorodhesha misitu hii, serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Chale ikiwemo. Wadigo, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, waliokuwa wakienda huko kutoa sadaka waliamini wamepata ngao. Katika miaka hiyo hiyo ya tisini, sehemu ya kisiwa ilijengwa hoteli ya kitalii ingawa wazee walipinga. Kaya Diani nayo imemegwa na viwanja. Mwaka 2008 UNESCO ilipoiingiza misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, Kinondo ilikuwemo. Chale haikuwemo.

Tangazo la gazeti la serikali ni saini ya ofisa, na saini ya ofisa mwingine huweza kulilegeza. Aidha, tangazo lile lilijibu swali la mwanasayansi: pana miti gani adimu, pana magofu gani? Halikuuliza ni nani anayeamua nani aingie. Sehemu ya ardhi yenyewe, kwa sheria ya wakati ule, ilikuwa mikononi mwa mabaraza ya kaunti yaliyoitwa wadhamini wa wananchi, na chini ya udhamini huo viwanja vingi vya pwani viligawiwa watu ambao wanavijiji hawakuwajua. Mzee alipofika ofisini kulalamika alikuta ana historia ila hana karatasi.

Kuna hoja nzito upande wa pili, na haifai kupitwa kimyakimya. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na wako masheikh na vijana wanaoona matambiko ya kaya kuwa shirki. Je, “jamii” inayodai kaya ni nani basi? Nionavyo, swali hili halimpi mwekezaji haki yoyote. Wazee wengi wa kaya ni Waislamu wenyewe. Wanaswali, na wanalinda makaburi ya babu zao. Ugomvi wa imani ni wa ndani ya nyumba, na wenye nyumba ndio wa kuumaliza. Kinachonitia uchungu zaidi ni mauaji ya wazee wanaosingiziwa uchawi, hasa Kilifi, ambako mara nyingi nyuma ya tuhuma hupatikana mgogoro wa shamba. Kila mzee anayeuawa huondoka na maarifa ambayo hakuna wizara inayoweza kuyarejesha.

Katiba ya 2010, ibara ya 63, imetaja waziwazi kwamba ardhi inayotumiwa na jamii kama mahali pa ibada ya jadi ni ardhi ya jamii. Mwaka uliotangulia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba kuiondoa jamii ya Waendorois kando ya Ziwa Bogoria kulivunja haki yao ya kuabudu na ya mali kwa pamoja. Muungano huo wa haki mbili ndio uliokosekana Chale.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii iliyosajiliwa kutenga eneo kwa ajili ya utamaduni na dini, na inataka thuluthi mbili ya wanachama wakubali kabla ardhi haijauzwa. Kaya zisajiliwe kwa njia hiyo, ngambi ikitajwa ndani ya daftari kuwa mlinzi wake, na tangazo la makumbusho libaki juu yake kama kinga ya pili. Upimaji uanze mapema, wazee wakitembea mbele ya mpimaji, kwa kuwa mti gani ulikuwa lango na jiwe gani lilikuwa mwisho wa makaburi ni mambo ambayo kwa sasa wanayajua wao tu.