Bustan: uvuvi wa mshipi katika joto la Muscat

Bustan ni kijiji cha pwani kilicho kusini-mashariki ya mji wa kale wa Muscat, mji mkuu wa Oman. Atokaye mjini hupita Sidab kwanza, kisha Bustan, na mbele zaidi ziko Qantab na Bandar Jissah. Nyuma ya kijiji imesimama milima ya mawe meusi isiyoota mti. Mbele yake ni ghuba ndogo ya Bahari ya Oman. Jina lenyewe halihitaji tafsiri kwa msemaji wa Kiswahili: ni bustani.

Kwa wageni wengi Bustan ni jina la hoteli. Kwa wenyeji ni kijiji cha wavuvi, na uvuvi wake wa asili ni wa mashua ndogo, mshipi na ndoana. Uvuvi huo haukomi wakati wa kiangazi, ingawa ndio msimu mgumu kuliko yote, na ndio pia msimu ambao sheria humkataza mvuvi kumgusa samaki anayethaminiwa kuliko wengi katika maji hayo, yaani nguru.

Kijiji kilichopisha kasri

Mwaka 1985 Oman iliandaa mkutano wa viongozi wa Baraza la Ushirikiano la nchi za Ghuba. Hoteli ya Al Bustan Palace ilijengwa kwa ajili ya mkutano huo, na mahali palipochaguliwa ni ufuo uliokuwa na nyumba za wavuvi. Wakazi walihamishiwa makazi mapya jirani. Bahari ilibaki ile ile, bali ufuo ulibadilika matumizi. Kwa mvuvi hilo si jambo dogo, kwani mashua huhitaji mahali pa kuvutwa, nyavu mahali pa kuanikwa na samaki mahali pa kugawanywa.

Katika mzunguko wa barabara karibu na hoteli kimewekwa chombo kiitwacho Sohar. Kiliundwa Sur, mashariki mwa Oman, na mwaka 1980 mwandishi na msafiri Tim Severin alikiongoza kutoka Oman hadi Guangzhou, China, alikofika Julai 1981. Mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Msomaji wa Lamu atautambua ufundi huo mara moja, kwani mitepe ya pwani ya Afrika Mashariki ilishonwa vivyo hivyo.

Mashua za wavuvi wa leo ni za fibaglasi na huendeshwa kwa mashine. Zilianza kuenea Oman katika miaka ya 1970, na zimechukua nafasi ya mahori ya mbao na, katika pwani ya Batinah, ya vyombo vilivyofungwa kwa makuti ya mtende.

Kusi upande mmoja, shwari upande wa pili

Kuanzia Mei hadi Septemba joto la hewa mjini Muscat hupita mara kwa mara nyuzi 40 za Selsiasi, na maji ya juu ya bahari huweza kufika nyuzi 30 na zaidi. Mawe ya milima hunyonya jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, hivyo hata kiza hakileti nafuu kubwa.

Katika miezi hiyo upepo wa kusi, ule ule unaojulikana Unguja na Mombasa, huvuma kwa nguvu katika Bahari ya Arabuni. Kwenye pwani ya Dhofar, kusini mwa Oman, upepo huo husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana Salalah hupata ukungu na manyunyu wakati Muscat inaungua. Maji hayo ni karamu kwa samaki, ila mawimbi ya kusi huwafungia wavuvi wengi wa upande huo nchi kavu.

Bustan iko upande wa pili wa rasi ya Ras al Hadd, na kwa hiyo imekingwa. Mara nyingi bahari yake huwa shwari wakati ile ya Masirah imechafuka. Kinachomzuia mvuvi wa Muscat wakati wa kiangazi ni jua na wala si wimbi, na kazi husogezwa kwenye saa za alfajiri na za usiku. Samaki nao hukwepa joto. Wengine huteremka kwenye maji ya chini yaliyo baridi zaidi, na mshipi hauna budi kuwafuata huko.

Mshipi na manyoya

Zamani mshipi ulikuwa wa uzi wa pamba. Leo ni nailoni. Mvuvi wa mkono hana fimbo. Mshipi hupita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho kinachomweleza kama kilichogusa chambo ni changu anayedonoa, chewa anayemeza au mwamba tu. Chubwi hupeleka ndoana chini kwa samaki wa miambani. Kwa nguru huongezwa kipande cha waya mwembamba juu ya ndoana, maana meno yake hukata nailoni kama wembe. Chambo cha kawaida ni dagaa au kipande cha ngisi.

Namna ya pili ni kurambaza, yaani kukokota mshipi nyuma ya mashua inayokwenda. Hapo huenda pasiwe na chambo cha kweli hata kidogo. Ndoana hufungwa manyoya au nyuzi zinazong'aa, nayo ikivutwa majini huonekana kama dagaa anayekimbia. Jodari, kolekole na pandu huirukia kwa sababu ndicho chakula wanachokifukuza saa hiyo.

Kwa asili yake hii ni hila ile ile ya wavuvi wa vijito vya Ulaya, ambao wakati wa kiangazi hurusha ndoana nyepesi iliyofungwa manyoya kwa mfano wa mdudu ili kumnasa trauti wa porini. Afrika Mashariki inaifahamu pia. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakapandikizwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye vijito vya Mlima Kenya navyo vikapata trauti, na uvuvi wa manyoya ukafuata.

Trauti hawezi kuishi Bustan. Huhitaji maji baridi yanayotembea na yenye hewa nyingi, na hudhoofika yanapozidi sana nyuzi 20. Mabonde yanayoshuka kutoka milima ya Muscat huwa makavu sehemu kubwa ya mwaka, na mvua ikinyesha hujaa kwa saa chache kwa nguvu ya kutisha. Yale yenye madimbwi ya kudumu yana samaki wadogo wa urefu wa kidole, ambao wataalamu huwaita Garra barreimiae. Hao huvumilia maji ya moto na hudonoa miguu ya waogaji, lakini hakuna awavuaye kwa ndoana. Ndiyo sababu mtu wa Muscat anayetaka kumhadaa samaki kwa unyoya huelekea baharini.

Tofauti kubwa ni ya riziki. Mvuvi wa kijito mara nyingi humwachia trauti wake arudi majini, kwa kuwa amekwenda kwa burudani. Mvuvi wa Bustan ana mafuta ya mashine ya kulipia.

Majina yaliyovuka bahari

Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliokuwa wakiishi Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki walihamia Oman. Walikuja na Kiswahili chao, na sokoni hawakuwa wageni kabisa. Jodari wa Kiswahili ni jaydhar kwa Kiarabu cha Oman. Nguru huko huitwa kan'ad, na katika pwani ya Kenya wapo wavuvi wanaomwita mmoja wa jamaa zake kanadi. Ni vigumu kuamini kwamba majina hayo yamefanana kwa bahati. Mabaharia wa majahazi walikula samaki wale wale pande zote mbili.

Soko kuu la samaki la mji huu liko Muttrah, katika jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2017. Nguru akiwapo, huwa miongoni mwa samaki wa bei ya juu.

Miezi miwili bila nguru

Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Agosti hadi tarehe 15 Oktoba, Oman hupiga marufuku kuvua nguru na kumfanyia biashara. Shabaha ni kumpa samaki huyo nafasi ya kuzaana na kukua. Historia inaeleza sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wavuvi wa Oman walivua nguru zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka. Katika muongo uliofuata kiasi hicho kiliporomoka hadi kuwa sehemu ndogo tu ya hapo awali. Majarife yanayoachwa yaelee usiku yalikuwa yakikusanya wakubwa na wachanga pamoja.

Hapa ndipo penye manung'uniko yanayoeleweka. Marufuku hayatofautishi zana: mwenye mshipi mmoja na mwenye jarife la mamia ya mita hufungiwa siku ile ile. Mtu anaweza kusema kwamba aliyemaliza samaki si yule wa ndoana, na atakuwa na haki kwa kiasi kikubwa. Lakini sheria yenye mlango wa pembeni kwa mshipi ingekuwa ngumu kusimamiwa, kwa sababu nguru akishafika sokoni hakuna awezaye kujua alivuliwa kwa nini. Wasomaji wa Kigoma wanaifahamu hoja hiyo. Tanzania ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, wavuvi wadogo nao walisubiri pamoja na wakubwa.

Katika miezi hiyo mvuvi wa Bustan hugeukia jodari, kolekole, changu na chewa. Kipato hupungua, na mwaka mbaya ukija haupigi hodi. Mwezi Juni 2007 Kimbunga Gonu kiliipiga pwani ya Muscat na kuharibu barabara, nyumba na mashua. Kati ya mwaka 2008 na 2009 vijimea vilivyogeuza rangi ya bahari vilienea kwa miezi mingi katika Bahari ya Oman na kuua samaki wengi. Upande wa nafuu, mwaka 2011 Oman ilisimamisha meli kubwa zinazokokota nyavu chini ya bahari, hatua ambayo wavuvi wa mashua ndogo walikuwa wakiidai kwa muda mrefu.

Marufuku yakiisha katikati ya Oktoba, joto nalo huwa limeanza kupungua, na mashua hurudia kurambaza mbele ya Bustan kumtafuta nguru. Kipimo cha chini kinachoruhusiwa ni sentimita 65. Aliye mfupi zaidi hurudishwa majini. Hapo mwenye mshipi ana nafuu ambayo mwenye jarife hana: mara nyingi samaki wake bado yu hai.