Java: kwa nini kufunga milango ya ndani kuliwasumbua waandishi wa programu

Katika vituo vingi vya afya nchini Uganda, kumbukumbu za wagonjwa, wakiwemo wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, huhifadhiwa katika UgandaEMR. Mfumo huo ulitayarishwa mjini Kampala chini ya mradi wa METS wa Chuo Kikuu cha Makerere, juu ya programu huria ya OpenMRS iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Hivyo, Java inapobadilika, athari zake zaweza kufika hadi zahanati.

Tatizo la vifurushi

Msimbo wa Java hupangwa katika vifurushi. Tangu lugha hiyo ilipotolewa mwaka 1995, mwandishi aliweza kuficha sehemu ya msimbo isionekane nje ya kifurushi chake. Lakini programu kubwa huwa na vifurushi vingi vinavyotegemeana. Ili kimoja kitumie kingine, sehemu husika ilibidi itangazwe kuwa ya wazi, na iliyokuwa wazi kwa jirani ilikuwa wazi kwa wote.

Moduli

Java 9, iliyotoka Septemba 2017, ilileta moduli: kundi la vifurushi lenye tamko la vile vinavyoruhusiwa kutumiwa na wengine. Visivyotajwa hubaki vimefungwa. Moduli hizi zisichanganywe na moduli za OpenMRS, ambazo ni nyongeza za programu hiyo.

Athari zake

Maktaba nyingi za Java zilikuwa zimezoea kuchungulia na kugusa sehemu za ndani za lugha yenyewe. Mwanzoni zilipewa onyo tu. Java 16, ya Machi 2021, ilianza kuzizuia, na Java 17, ya Septemba mwaka huo, ikaondoa ruhusa ya jumla. Tangu hapo, msimamizi wa mfumo hana budi kusasisha maktaba zake, au kutoa amri ya kufungua kifurushi kimoja kimoja kila programu inapoanzishwa.

Njia ya pili ni ya haraka, lakini hurudisha udhaifu uleule uliokusudiwa kuondolewa. Kubaki na Java ya zamani nako kuna gharama: matoleo ya zamani hatimaye hukosa marekebisho ya usalama, ilhali siri za wagonjwa zingali humo.