Simu za Mkononi na Udugu Wetu

Katika kitabu chetu hiki tumezoea kuandika nani alitoka wapi, mwaka gani, na kwa chombo gani. Safari hii naomba ruhusa ya wazee niandike tarikhi ya kitu kidogo kilichomo mifukoni mwetu, kwani nacho kimetuunga na kimetutenga.

Sisi tuliohamia Maskat baada ya 1970 tunakumbuka barua. Msafiri akitoka Unguja, barua aliyoichukua haikuwa ya mtu mmoja. Ilisomwa kwa sauti, na jirani akaitwa kusikia salamu zake. Kisha zikaja kanda: bibi anazungumza, jogoo anawika nyuma yake, na chumba kizima kinalia. Jawabu likichukua miezi miwili, hakuna aliyenuna.

Wakati ule chombo kilikuwa kimoja na wasikilizaji wengi. Simu ya mkononi ilipokuja, kila mtu akawa na chake, na aina ya chombo ikaamua atazungumza na nani.

BlackBerry ilianzisha huduma yake ya ujumbe, BBM, mwaka 2005, na hadi Oktoba 2013 haikufunguliwa kwa iPhone wala simu za Android. Mwenye BlackBerry aliandikiana na mwenye BlackBerry mwenziwe tu. Vijana wetu wa Ghuba waliipenda sana. Asiyekuwa nayo alibaki nje ya kundi, si kwa kuchukiwa, bali kwa simu aliyonunua.

Mwaka 2011 shangazi yetu alifariki alfajiri, akazikwa adhuhuri. Khabari ilitiwa katika kundi, nasi tukadhani imemfikia kila mtu. Kaka yangu mkubwa alikuwa na simu ya kawaida. Alisikia baada ya alasiri, dukani. Alikuja matangani, akaketi, wala hakugomba. Aliniambia neno moja tu: "Zamani mlikuwa mkinigongea mlango." Kosa halikuwa la simu. Lilikuwa letu, tulioacha kuhesabu nani hayupo. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, iliingia katika simu za aina nyingi, na wengi tukakutana tena. Huduma ya BBM kwa watu wa kawaida ilifungwa 31 Mei 2019. Lakini mipaka haikwisha. Tangu 2011 iPhone ina iMessage: ujumbe wa iPhone kwa iPhone huwa buluu, na unaokwenda kwa simu nyingine huwa kijani. Wajukuu zetu walioko Marekani wanajua namna watoto wanavyochekana kwa rangi hiyo.

Tabia zetu pia zimegeuka. BBM ilionyesha herufi D ujumbe ukifika, na R ukisomwa. WhatsApp nayo ikaleta alama za buluu mwaka 2014. Sisi sisi tuliosubiri barua miezi miwili, leo tunamnunia ndugu aliyesoma asijibu kwa saa mbili, na huenda yuko jikoni, au hospitali na mgonjwa.

Nawaombeni, jamaa zangu, kila nyumba iwe na daftari la wasiokuwamo katika kundi, na mtu mmoja wa kuwapigia simu au kuwagongea mlango. La kwangu nimeshalifungua. Jina la kwanza ni la kaka yangu.